Maji Aliyoyaleta Mama

Jumapili, Februari. Joto tupu, hakuna upepo.

Saumu amelala. Amelala mkekani, kitandani amekataa, ati godoro linamchoma. Tangu asubuhi hapa Ukunda hakuna hata jani lililotikisika, na mabati yanalialia kwa jua. Majirani wamewaita watoto wao ndani. Nina kitambo kidogo kabla hajaamka na kuniuliza tena nyanya yuko wapi.

Basi naandika sasa.

Sijaandika hapa tangu mwaka uanze. Mnaonisoma mmenizoea kwa mambo mepesi: vituko vya wageni, mapishi ya mwisho wa mwezi, mashuka ya hoteli yasiyokwisha. Leo sina kituko. Nina kitu kimenikaa kifuani tangu Alhamisi.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni Mejumaa. Nafanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani. Kwetu si huku kwenye mchanga mweupe. Kwetu ni ndani, ukishaipita Kinango, ardhi nyekundu, miba na mbuzi, mahali ambapo mvua ikikosea njia watu huanza kuhesabu mifugo iliyobaki. Mama yangu yuko huko. Hadi jana, mwanangu Saumu naye alikuwa huko.

Jambo la pili ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Meno yangu ni ya kahawia.

Mkizirudia picha zangu zote mtaona. Ama nimefumba mdomo, ama leso imenifunika hadi puani. Si uchafu. Nimeyasugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa magadi, kwa ndimu hadi ufizi ukavuja damu. Yana madoa ya rangi ya chai iliyokolea, na yale ya mbele yana vishimo vidogo kama ukuta uliochomolewa misumari. Nilipokuwa mdogo sikujua kama yana kasoro, kwa sababu kijijini tulifanana sote. Wenzangu walicheka na meno ya kahawia, nami nikacheka nao. Nilijua siku nilipoingia shule ya upili Msambweni, ndani ya bweni, jioni ya kwanza. Msichana wa kitanda cha jirani alinitazama nikicheka, akaacha kucheka yeye.

Tangu siku hiyo nacheka na mkono mdomoni.

Nilisomea kazi za hoteli. Nilitaka kukaa mapokezi, kuwakaribisha watu, kwa maana maneno ninayo na watu nawapenda. Siku ya usaili nilijibu kila swali. Nilimsalimia meneja kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kijerumani kile kidogo nilichokiokota. Mwishowe akaniambia, "Hebu tabasamu." Nikatabasamu. Akainama kwenye karatasi zake, akazipangapanga, akasema kwa upole kabisa kwamba kule kwa dobi kuna nafasi.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba kazi ya dobi ndiyo niliyoiomba.

Sasa nieleze habari za Mama na maji, maana bila hizo haya mengine hayataeleweka.

Kabla sijazaliwa, kijiji chetu kilikunywa maji ya silanga, lile bwawa la mvua lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe waliingia kwa upande mmoja, kina mama wakateka kwa upande wa pili. Mama alikuwa na mtoto mmoja, kaka yangu Bakari. Sikumwona. Alianza kuhara alfajiri, na jua lilipokuwa linatua wakawa wanamtafutia sanda. Alikuwa ameshajua kuwaita mbuzi kwa majina yao. Hadi leo Mama anaitwa Mama Bakari. Mimi ndiye ninayemjibu, mimi ndiye ninayemletea unga na sukari, lakini jina ni la Bakari, na sijawahi kulionea wivu.

Baada ya mazishi, Mama alianza kutafuta maji. Ndivyo watu wa kwetu wanavyosimulia: walie wengine kwa machozi, yeye alilia kwa miguu. Alikwenda kwa chifu, akaenda ofisi zilizoko na zisizokuwako, akakalishwa kwenye mabenchi, akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi. Akawakusanya kina mama wenzake wakafanya kikundi. Mimi nilizaliwa katikati ya safari hizo. Mwishowe wakaja wafadhili na mashine yao, wakachimba chini sana, hadi maji yakaruka. Mimi nilikuwa natambaa. Nimeambiwa Mama alikuwa wa kwanza kuyanywa. Aliyakinga kwa viganja, akanywa, kisha akaninywesha mimi.

Yalikuwa baridi na maangavu. Hayakuwa na rangi wala harufu. Na kuhara kuliisha. Watoto walikua.

Kisima cha pampu kikaitwa kisima cha Mama Bakari. Si kwenye kibao, vinywani tu.

Alhamisi kulikuwa na baraza. Mama alinipigia simu mapema akaniomba nije, kwa kuwa watu wa maji waliokuja kuchukua sampuli kabla ya mwaka mpya walikuwa wanarudi na majibu. Niliomba ruhusa kazini. Nilidhani watatuambia pampu inahitaji kutengenezwa.

Tulikaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya kivuli cha darasa. Saumu alikuwa mapajani pangu, ameshika kikombe chake cha plastiki, anakunywa kidogo kidogo na kunimwagia sketi. Bwana wa maji alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, hadi wakaitikia kwa kuridhika. Kisha akasimama akasema alichokuja kusema.

Maji ya kisima chetu yana madini yanayoitwa floraidi, na yamezidi. Yakiwa kidogo hufaa, huyapa meno nguvu. Yakizidi, mtoto anayeyanywa siku zote meno yake hutoka na madoa na hukosa uimara. Na mtu akiyanywa kwa miaka mingi sana huenda yakamwingia kwenye mifupa, viungo vikakakamaa.

Nilitazama magoti ya Mama. Alikuwa amekaa ameyanyoosha mbele yake, kama akaavyo siku hizi, kwa sababu hawezi tena kuyakunja.

Mzee Ndurya ndiye aliyesimama kwanza. Ni mzee anayependa mzaha, hata kwenye matanga.

"Bwana mdogo," akasema, "dawa ya meno ninayowanunulia wajukuu imeandikwa hiyo hiyo floraidi. Nimesomewa. Mbona inauzwa dukani na haijafungiwa?"

Watu wakacheka. Bwana wa maji naye akacheka kidogo.

"Mzee, dawa ya meno mtoto anaisugua anaitema. Maji anayameza, kutwa, kila siku. Hata chumvi ni nzuri kwenye mboga. Lakini huwezi kuila bakuli zima."

"Na tukiyachemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini hayaendi popote. Maji yanapungua kwenye sufuria, madini yanabaki pale pale."

Hapo kicheko kilikwisha. Nilimwona Mama akiinamisha kichwa. Kwa miaka yote hii ameyachemsha maji ya Saumu, kila asubuhi, akayafunika kwa sahani safi. Alikuwa akijivunia hilo. Alikuwa akiniambia kwenye simu, "Usiwe na wasiwasi, yake nayachemsha."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma, amembeba kichanga, akauliza, "Kwa hiyo unatwambia turudi silanga?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Basi umesema nini?"

Kijana wa watu akaeleza: watu wazima waendelee kukitumia kisima kwa sasa, lakini watoto wadogo watafutiwe maji mengine ya kunywa na ya kupikiwa uji. Ya mvua, au ya kuletwa. Meno ya ukubwani, akasema, hujiunda ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga, hadi karibu umri wa miaka minane. Madhara hutokea wakati huo, kabla jino halijaonekana.

Nikamtazama Saumu. Ana miaka mitatu. Ana meno meupe madogo ya utotoni, kama punje za mchele. Niliyaona yale meupe nikawa namshukuru Mungu kila nikija. Sikujua kwamba yale mengine yako nyuma yao, yanajengwa, kwa maji haya haya aliyokuwa anayanywa mapajani pangu.

Nikakichukua kikombe mkononi mwake. Akalia.

Nadhani ni kule kulia kulikomfanya bwana wa maji ageuke upande wetu. Watu walikuwa wameanza kubishana: huyu anasema ni uongo wa kutaka kukifunga kisima, yule anasema hata babu yake alikuwa na meno hayo, ni ya ukoo. Naye alitaka kuwaonyesha kwamba si hadithi. Hakuwa na nia mbaya. Nataka hilo lieleweke.

"Dada," akasema, "dada mwenye leso ya manjano. Samahani sana. Ungekubali kusimama ukawaonyesha wenzako meno yako?"

Uwanja mzima ukanigeukia.

Miaka yote hii nimelala nikiota ndoto ya namna hiyo. Watu wamekaa, wananitazama mdomoni. Katika ndoto huwa nakimbia.

Sikukimbia. Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilimweka Saumu chini, nikasimama, nikaishusha leso, nikafungua mdomo. Nilisikia joto la mchana likiniingia hadi kooni. Nikageuka taratibu, upande huu na upande ule, ili wote waone. Wengi wao wana meno kama yangu. Lakini sidhani kama walishawahi kuyatazama hivi, yakiwa yamesimamishwa kama ushahidi.

Nilipofika upande wa Mama, alikuwa hanitazami. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilidhani nayaonyesha meno yangu. Kumbe nilikuwa namnyooshea Mama kidole, mbele ya kijiji, bila kuinua mkono.

Mama akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti. Mzee Ndurya akataka kumsaidia, Mama akamkataza.

"Bwana," akamwambia yule kijana, "nimekusikia na nimekuelewa. Wala sisemi kwamba unadanganya. Lakini usimsimamishe mwanangu kama mbuzi wa mnadani. Maji haya niliyaleta mimi. Ukitaka wa kumuuliza, niulize mimi."

"Mama, sikukusudia..."

"Ngoja. Mimi nina mtoto mwingine. Nyuma ya zizi langu nimemlaza. Huyo hakunywa maji ya kisima, alikunywa ya silanga. Nilimzika na meno yake yote, meupe, hayana hata doa." Akavuta pumzi. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Mimi nilipaswa kuchagua nini?"



Yule kijana alivua kofia yake. Kwa sauti ya chini akasema, "Mama, hukupaswa kuchagua. Walipochimba walipaswa kuyapima na kuwaambia. Wewe ulitafuta maji. Wewe huna kosa."

Maneno mazuri. Niliona yakimfikia Mama na kuanguka chini.

Baraza liliisha kama mabaraza yanavyoisha. Ilikubaliwa kwamba kisima hakitafungwa. Shule ina tangi la kuvuna maji ya mvua, litawekwa kwa ajili ya watoto wadogo, na lori la maji litaletwa mara moja kwa wiki hadi litakapopatikana jawabu la kudumu. Walitaja pia mtambo wa kuchuja. Watu wakaitikia, wakasimama wakakung'uta nguo. Tangi la shule ni tupu tangu Desemba. Kila mtu pale analijua.

Tulitembea hadi nyumbani, Saumu mgongoni pangu.

Alasiri nilimkuta Mama kwenye mlango wa jikoni, sufuria ya maji ya Saumu iko mbele yake, imefunikwa kwa sahani. Hakuwa ameyamwaga wala hakuwa ameyatumia. Alikuwa anaitazama tu. Nikakaa karibu naye.

"Walikucheka?" akaniuliza.

"Nani, Mama?"

"Huko shule. Huko mjini. Wasiokuwa na meno haya."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa amenigeukia na ananitazama mdomoni, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima.

"Walinicheka, Mama."

"Sana?"

"Wengine."

"Na ile kazi ya dobi. Uliiomba?"

Nikaupeleka mkono mdomoni. Naye akanielewa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoitaka.

"Nilidhani unaufunika mdomo kwa haya," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu, mwanangu ana haya, amelelewa."

Nilimshika mkono. Nilimwambia nilichokiamini na ninachokiamini hadi sasa: kwamba mimi niko hai. Kwamba nimesoma, nafanya kazi, nimezaa, na haya yote nimeyapata kwa maji yake. Kwamba nikipewa nichague mimi mwenyewe, kati ya meno haya na lile kaburi la nyuma ya zizi, nitayachagua meno haya kila mara.

"Hilo najua," akasema. "Lakini wewe hukupewa uchague. Wala mimi."

Kisha akaikamata ile sufuria, akainuka nayo, akaenda kuwamwagia kuku.

Aliporudi alikuwa ameshakata shauri. Hakuniuliza.

"Mchukue Saumu. Nenda naye Jumamosi. Asikae hapa hata wiki moja zaidi."

Nami nilikuwa nimeshaliwaza hilo uwanjani, nikashindwa kumwambia. Nilimkabidhi Saumu kwa Mama nilipomwachisha ziwa, nilipoachana na babake na kulazimika kushika zamu mbili. Mama ndiye anayemlaza, ndiye anayemkogesha, ndiye anayejua wimbo gani unamnyamazisha. Nyumba ile sauti yake yote ni Saumu.

"Twende sote," nikamwambia. "Chumba ni kidogo lakini tutaenea."

"Na mbuzi?"

"Tuwauze."

"Na Bakari?"

Nikatazama kule nyuma ya zizi.

"Mimi nitayanywa," akasema. "Meno yangu yalishaota zamani, yatanifanya nini?" Alijaribu kucheka. "Na kina mama wengine hawana binti Ukunda. Nikiondoka mimi niliyeyaleta, nitakuwa nimewaambia nini? Nitakaa. Hilo lori lisipokuja, nitakwenda tena huko ofisini kukaa kwenye mabenchi yao."

Nikayatazama yale magoti. Niliona miguu ambayo haiwezi tena kupanda ngazi za ofisi yoyote. Sikumwambia. Naye hakuniambia kwamba analijua hilo.

Ijumaa aliifua kila nguo ya Saumu, hata zilizokuwa safi. Alizikunja akazipanga kwenye mfuko, za kulalia chini, za kutokea juu, akanielekeza kwa sauti kama ananituma dukani: hapendi uji wa moto, asivalishwe hii ya mikono mirefu anajikuna, akiamka alfajiri usimsemeshe, mwache achezee vidole vyake atalala mwenyewe. Mambo ya mwanangu, nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Jana asubuhi Saumu alidhani tunakwenda mnadani na tutarudi. Alimpungia nyanya yake mkono kwa furaha. Mama akampungia. Alibaki amesimama pale pale barabarani, leso yake imeshikwa kwa mikono yote miwili. Niligeuka mara moja tu. Sikuthubutu mara ya pili.

Alianza kumuulizia tulipofika Ukunda, ndani ya tuktuk. Hajaacha hadi sasa.

Nilimuuliza yule bwana wa maji, kabla hajaondoka siku ile, kuhusu maji tunayokunywa mtaani kwetu. Akaniambia niwe na amani, hayana tatizo hilo. Nikamuuliza na hiyo miaka Saumu aliyokwisha kuyanywa ya kisima. Akaniambia hawezi kujua. Huenda madoa yakawa machache, huenda yasiwepo. Itabidi kungoja ang'oe meno ya utotoni, yatoke mengine.

Kungoja. Nitakuwa namtazama mwanangu mdomoni kwa miaka.

Asubuhi ya leo nilimpa maji kwenye kikombe kipya. Aliyaonja, akaniangalia, akayarudisha. "Si maji," akaniambia. Nikamwambia ni maji, mwanangu. Akasema anataka ya nyanya. Mwishowe kiu ilimshinda akayanywa yote huku amenikunjia uso.

Nami nikaenda nje nikalia nyuma ya choo, kwa sababu chumba ni kimoja.

Nilie nini? Hilo ndilo ninalojiuliza. Mtoto wangu yuko salama. Nimefanya jambo ambalo mama yeyote mwenye uwezo angelifanya. Lakini yule mama wa nyuma, mwenye kichanga, nilimpita njiani jana tukiwa tunaondoka. Alikuwa anatoka pampuni, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Alinitazama mimi, akamtazama Saumu, akautazama ule mfuko wa nguo. Akaniambia, "Safari njema, dada." Hakuna kijembe chochote. Alisema kwa moyo mweupe. Kichanga chake nacho kitaota meno.

Kuna watakaosoma haya na kuandika pale chini kwamba ni mambo ya meno tu, watu wanakufa kwa mengine. Ni kweli. Na wako watakaouliza kwa nini hatukifungi hicho kisima cha sumu. Hao waje Februari waione silanga ilivyo sasa, tope la kijani na kwato. Mimi sina upande katika mabishano hayo. Nina kaka upande mmoja, na nina mdomo wangu upande wa pili, na katikati ameketi Mama, amenyoosha magoti.

Nilimpigia simu baada ya kuzipata nguvu. Lori halijaja. Alisema labda kesho, labda barabara. Aliomba kuzungumza na Saumu. Nikaiweka simu sikioni mwa mtoto. Saumu aliisikia ile sauti, akanyamaza, akageuza uso ukutani. Amekasirika. Anadhani nyanya ndiye aliyemwacha.

"Yuko wapi?" Mama akauliza.

"Amelala," nikasema.

"Mwache alale," akasema. Lakini hakukata. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, simu ziko masikioni. Nilisikia mbuzi wakilia nyuma yake. Nadhani naye alimsikia Saumu akipumua.

Ijumaa ijayo sina zamu. Nimeamua tutakwenda kumtembelea. Mtoto lazima amwone nyanya yake, na nyanya lazima ajue kwamba hakumpoteza huyu. Nitabeba unga, sukari, mafuta ya kumkanda magoti, na madumu ya maji kadiri nitakavyoweza kubeba, moja liende kwa yule mama mwenye kichanga.

Na nitabeba chupa ya Saumu.

Nimeshamuona Mama atakavyosimama barabarani kutungojea. Mtoto atamrukia, atasahau hasira zote. Tutaingia uani, tutakaribishwa, tutawekewa viti. Kisha Saumu atasema ana kiu, kama anavyosema kila anapofika mahali. Mama atainuka kwa mazoea, aelekee jikoni, mkono wake uende kwenye sufuria. Nami nitalazimika kusema, ngoja Mama, ana maji yake.

Mbele ya mwanamke aliyetembea nchi nzima kutafuta maji ili nisife.

Saumu anajigeuza. Karibu ataamka.

Ile chupa, tukifika, niitoe mwenyewe mapema, niiweke mezani waziwazi? Au niifiche mkobani, nimnyweshe mtoto nyuma ya nyumba, Mama asione?